Mtamba Kwenye Geti la Mzee Hapana

Sikustaafishwa na mtu. Vidole vyenyewe ndivyo vilivyokataa kazi. Alianza kidole kidogo cha mkono wa kushoto, halafu wenzake wakamuunga mkono kama vibarua walioamua kugoma. Daktari alisema ni baridi yabisi. Mimi nasema ni herufi "a". Kiswahili kina "a" nyingi mno, na kwa mpiga chapa aliyefundishwa vizuri zote ni mzigo wa kidole hicho kimoja.

Sasa ninyi vijana wa steshenari ya pale stendi, wewe Zawadi na mwenzako Hamisi, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi enzi zetu. Mmesema wateja bado wananitaja. Wananitaja kwa sababu mnawaudhi. Mna barua moja ya mfano kwenye kompyuta, kila anayekuja mnabadilisha jina. Juzi mama wa Kisawasawa alikwenda kuomba mizinga ya nyuki, akakuta barua yake inaomba uhamisho wa mwalimu wa hesabu. Haya, nimeandika. Nimetumia kalamu ya wino, mtachapa wenyewe, na msinirekebishe.

Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa barua za kuomba. Nilikaa kwenye baraza karibu na soko la Ifakara, ubavuni mwa Fundi Shomari mshona nguo, na watu walikuja kuwaandikia wakubwa: mkuu wa wilaya, mbunge, askofu, meneja wa shamba, wengine Rais mwenyewe. Hawakuwa wanaandika mambo ya vikao. Waliandika shida zao za nyumbani, kwa mtu ambaye hawajawahi kumsalimia.

Siku ya kwanza nilifika na sketi ya marinda na cheti cha masista waliotufundisha kupiga chapa bila kutazama vidole. Mwenye baraza alikuwa Mzee Otmari, Mpogoro mwenzangu wa upande wa Mahenge, mtu mfupi aliyevaa koti hata kwenye joto letu hili. Hakukitazama cheti.

"Unajua kuuliza?" akasema.

Nikamwambia najua kupiga chapa haraka kuliko wote darasani kwetu.

"Sijakuuliza hilo."

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama kibarua aliyetaka kumwandikia meneja wake amsaidie bati. Nikajikunja, nikapiga: "Mheshimiwa Meneja, wewe uliye nguzo, taa na kimbilio la wanyonge..." Mzee Otmari akaisoma kwa nyuma ya bega langu, akaivuta kutoka kwenye mashine taratibu, akaipeleka kwa muuza karanga ikafungiwe karanga.

"Ukimsifu mkubwa kupita mstari mmoja," akaniambia, "anaanza kupapasa mfuko kuona kama pochi bado ipo."

Kisha akamgeukia yule mama. "Bati ni za nini, mama?"

"Za nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Mama akatazama chini. "Ya mama mkwe."

"Naye anataka bati?"

"Hataki. Anataka niondoke."

Kumbe alichohitaji ni chumba kwenye kambi ya wafanyakazi, akae na wanawe kwa amani. Tukaandika hicho, mistari michache tu, na alikipata. Mzee Otmari akanilia karanga zangu zote, akasema, "Muulize tena. Shida ya kwanza mtu anayoitaja ni ile asiyoionea aibu." Miaka yote niliyofanya kazi, sikupata fundisho lililozidi hilo.

Mashine yetu ilikuwa ya chuma, nzito kama kinu. Wakati wa mavuno vumbi la pumba lilitoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga ng'ambo ya barabara na kuingia chini ya vitufe, ikabidi kila asubuhi niisafishe kwa brashi ya viatu na mafuta ya cherehani ya Fundi Shomari. Fundi alinilipisha mafuta hayo kwa maneno. "Mama Taipu, wewe unakula mafuta kuliko cherehani." Masika karatasi zililegea kwa unyevu, nikawa naziweka chini ya godoro ili zinyooke. Chini ya kila karatasi niliweka kaboni ili itoke nakala ya mwenye barua. Nakala ile watu waliitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo na kadi ya kliniki. Ninyi mnasema "ipo kwenye flashi". Flashi ikiingia maji mtafanyaje?

Barua ikikamilika, tulimsomea mwenyewe kwa sauti. Akikaa kimya, barua bado. Akisema "ehee, hapo hapo!", ndipo tunatoa kidau cha wino apige dole. Na barua moja ilibeba ombi moja. Mkubwa akiona mawili, alisema Mzee Otmari, atakupa lile dogo na kujisikia amemaliza.

Nilikutana na mengi. Bwana mmoja alitaka Rais amrudishie mke. Nilimuuliza tena na tena hadi tukafika kwamba anayepaswa kuandikiwa ni mke, na neno la kuandika ni samahani. Mke alirudi, ingawa alikuja na masharti mapya. Bibi wa Mkula aliomba mkubwa fulani amhamishe kiboko aliyekuwa anakula mpunga wake. Jibu lilikuja na muhuri mzuri: suala lako linashughulikiwa. Kiboko naye aliendelea kulishughulikia shamba.

Kuna jambo lililonikera kadiri miaka ilivyokwenda. Nusu ya walichokuwa wakiomba kwa magoti kilikuwa chao. Mtu anaomba kwa unyenyekevu apewe kiwanja ambacho jina lake limo, au mtoto apokelewe shule aliyofaulu kuingia. Nilipiga chapa "kwa heshima na taadhima" hadi neno taadhima likawa linajiandika lenyewe. Sikuona njia nyingine mpaka alipokuja Masanja.

Alikuja masika, asubuhi, maji yakiwa yametuama mitaroni. Msukuma mrefu, shuka begani, katambuga miguuni, fimbo mkononi. Nyuma yake alifuata binti aliyekumbatia bahasha ya kaki kifuani.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, mayu ndiyo mama kwao.

"Shikamoo, mzee. Karibu ukae."

Fundi Shomari hakukosa neno. "Mama Taipu, umeletewa wafugaji leo! Funika karatasi zako zisiliwe."

Masanja ndiye aliyecheka wa kwanza. Mimi nilicheka kidogo. Nisiwafiche, miaka ile wafugaji hawakuwa na mwenyeji bondeni. Walikuja na ng'ombe wengi, sisi tuna mpunga, na kila msimu ng'ombe na mpunga walikutana vibaya. Binamu yangu wa Mkula alikuwa amelishiwa shamba zima, na hasira yake nami niliibeba. Lakini mteja ni mteja.

"Unaomba nini, mzee?"

"Mtoto wangu huyu, Kabula, aingie chuo cha uuguzi."

"Hajachaguliwa?"

"Amechaguliwa," akasema binti na kufungua bahasha. Alikuwa amechaguliwa kweli, ila taarifa ilikwama Ifakara wakati mito imekata barabara ya Mngeta, na ilipowafikia, siku ya kuripoti ilikuwa imepita. Chuoni waliwaambia nafasi itashikiliwa hadi Ijumaa, na kama hakuna mkubwa wa kuwaandikia, atapewa mwingine. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Na asipoingia?" nikauliza.

Kabula akajibu akitazama bahasha. "Kuna mtu wa kwetu ameshaleta maneno ya posa. Baba wadogo wamekubali. Wanangoja tu baba ashindwe."

Nikakumbuka fundisho, nikauliza tena. "Mzee, mahari ya ng'ombe wengi huitaki?"

"Ng'ombe ninao," akasema Masanja. Aliegemeza fimbo ukutani kabla ya kuendelea. "Mama yake alishikwa na uchungu masika kama haya. Nikafunga mkokoteni, nikampakia. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto. Tulifika ukingoni, mto umejaa. Tukakaa pale tunautazama upungue. Mayu, niliona paa la zahanati. Niliona hata nesi amesimama mlangoni. Mama yake akafia kwenye mkokoteni, na mtoto tumboni. Kabula alikuwa ameshika kichwa chake." Akavuta pumzi. "Sasa huyu anasema anataka kuwa nesi upande wetu wa mto. Nimkatalie mimi?"

Nililia. Mzee Otmari, aliyekuwa mzee sana wakati huo na anakuja barazani kukaa tu, alishanikataza kulia juu ya mashine kwa sababu ya kutu. Safari hii alinipa leso yake.

Mkubwa aliyefaa kuandikiwa alikuwa mmoja tu, maana alikaa kwenye bodi ya chuo kile. Jina lake silitaji. Mji mzima ulimwita Mzee Hapana. Ukimpelekea kuku wa shukrani, kuku anarudi kwako amebebwa na mgambo. Kuna mtu alimwachia kambale wawili mlangoni akalala mahabusu, na kambale wakatumika kama ushahidi hadi ikabidi watupwe. Hakupokea watu wenye shida, alipokea barua. Uliipitisha dirishani, aliisoma mwenyewe amesimama, na alijibu. Kwa hilo nilimheshimu.

Nikaandika barua ya Masanja. Naweza kusema ilikuwa nzuri. Mto upo, mkokoteni upo, Ijumaa ipo. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya. Hakusema ehee.

"Kuna kilichopungua?"

"Maneno ni mazuri, mayu. Lakini naenda kwa mtu mkubwa namna ile na karatasi tu?"

"Karatasi tu."

"Hanijui, simjui."

"Mzee wangu, huyo ukimpa hata yai moja, unalala ndani. Na binti anaolewa."

Akafikiri. "Sitampa kitu," akasema. "Naapa." Na kweli, hakumpa.

Asubuhi ya pili nilikuwa nasafisha vitufe nikaona watu wanakimbilia upande wa nyumba za wakubwa. Fundi Shomari alikwenda, akarudi anahema huku anacheka. "Msukuma wako amefunga ng'ombe kwenye geti la Mzee Hapana!"

Kumbe ng'ombe huyo, mtamba asiyezaa bado, alikuwa ameshafika mjini kabla ya barua, amewekwa kwa Msukuma mwenzake jirani na mnada. Alfajiri Masanja alimswaga hadi kwa mkubwa, akafunga kamba kwenye nguzo ya geti, akapitisha barua dirishani kama nilivyomwelekeza, kisha akachuchumaa kando akisubiri kuitwa. Mtamba hakusubiri. Mke wa Mzee Hapana alikuwa na maua ya waridi aliyoyaleta kutoka Iringa na kuyamwagilia kwa mkono wake. Mzee Hapana alipotoka, alikuta mashina. Masanja akapelekwa kituoni kwa kosa la kutoa hongo, na barua ikabaki dirishani bila kusomwa.

Kabula alikuja barazani mbio, bila viatu. "Wamemfunga baba!" akasema. Mimi hasira ilinipanda. "Si nilimwambia! Hata yai! Ameapa mbele yangu!" Nikaingiza karatasi kwenye mashine nianze barua ya kuomba radhi, kwa heshima na taadhima.

Mzee Otmari akaweka fimbo yake juu ya vitufe. "Unaomba radhi ya nini? Umeshamuuliza alitaka nini?"

"Alitaka kuhonga, mzee. Ng'ombe mzima!"

"Hujauliza."

Nikamgeukia Kabula. "Mwanangu, baba yako alitaka nini na ule mtamba?"

Akafuta uso kwa kanga. "Atunziwe."

"Atunziwe?"

"Kwetu tunaita kubilisa. Ng'ombe anabaki wa baba. Unampa mtu akutunzie zizini kwake, na siku ukimhitaji unakwenda kumchukua. Huwezi kumpa usiyemwamini. Ukishafanya hivyo, mnakuwa watu. Akifiwa unakwenda, ukifiwa anakuja." Akameza mate. "Baba alisema, huyu mkubwa hatujui sisi ni nani. Nikimwachia ng'ombe wangu, atatujua."

Jamani. Hata Shomari akaacha kukanyaga cherehani. Mtu hana ndugu bonde zima, ametoa alichokithamini kuliko vyote akampe mgeni amshikie kamba, na sisi tumemfunga.

Nikaitoa karatasi ya radhi. Nilipiga barua fupi kuliko zote nilizowahi kupiga. Niliandika kwamba ng'ombe si wa Mheshimiwa na hakuna aliyempa. Ni wa Masanja, Mheshimiwa ameombwa tu amtunzie, kama wanavyofanya kwao watu wanaoaminiana. Nikaandika kwamba Masanja anaomba mawili: binti yake apokelewe chuoni kabla ya Ijumaa, na yeye apate mtu wa kumjua katika bonde hili.

"Mawili?" Mzee Otmari akauliza.

"Mawili."

"Haya, nenda nayo."

Nilikwenda na Kabula. Nikaipitisha dirishani, tukasimama uani karibu na mashina ya waridi. Tulisikia karatasi inafunuliwa. Kisha ikafunuliwa nyingine, ile ya kwanza. Kisha mlango ukafunguka, na Mzee Hapana mwenyewe akatoka barazani akiwa na barua zote mbili.

"Shikamoo," tukasema wote wawili.

"Marahaba." Akamtazama Kabula. "Ng'ombe wa kutunziwa, maziwa anakunywa nani?"

"Anayetunza, mheshimiwa."

"Basi hiyo ni hongo yenye kwato."

"Huyu hana maziwa, mheshimiwa. Ni mtamba, hajazaa. Kwa sasa yeye ni kula tu."

Mzee Hapana akageuka akatazama waridi za mkewe. "Hilo nimeliona," akasema. Na pembe ya mdomo wake ikacheza. Nimeishi Ifakara maisha yangu yote na sikujua kwamba mdomo ule unacheza.

Halafu akasema neno lake. "Hapana. Siwezi kutunza ng'ombe wa mtu ambaye shida yake iko mezani kwangu. Naamini kwao ni heshima. Kesho atakuja mwingine na wawili, asiyejua heshima." Akanigeukia mimi. "Na wewe, mpiga chapa. Hapa umeandika, anaomba kwa unyenyekevu apewe nafasi. Apewe na nani? Si amechaguliwa?"

"Amechaguliwa, mheshimiwa."

"Basi nafasi ni yake. Ungeandika anaidai."

"Wakubwa hawalipendi neno hilo, mheshimiwa."

"Hatulipendi," akasema. "Andika hivyo hivyo."

Akachomoa kalamu nyekundu, akaandika pembeni mwa ile barua ya kwanza: Apokelewe. Amechaguliwa, na mafuriko hayakuwa yake. Akapiga sahihi, akampa Kabula mkononi. Kisha akamtuma mgambo kituoni, safari hii bila kuku, amwachie Masanja.

Mnadhani yaliishia hapo? Masanja alitoka kituoni, akaifuata karatasi kwa kidole huku binti anamsomea maandishi yale mekundu, machozi yakamlenga. Lakini alipoambiwa amchukue ng'ombe wake arudi naye, akakataa katakata.

"Ng'ombe akitoka zizini kwenda kutunziwa, harudi bila kupata mtunzaji," akasema. "Nikirudi naye, wadogo zangu watasema nini? Watasema, umeona? Bonde zima halina hata mtu wa kukushikia kamba, na mtoto wako ndio watamtunza miaka yote hiyo huko chuoni? Watamfuata Kabula, watamrudisha."

Tulikuwa tumesimama barazani kwetu, mtamba katikati, anatafuna ukingo wa kitambaa cha mteja wa Shomari.

"Mpe Filomena," akasema Mzee Otmari kutoka kwenye kiti chake.

"Mimi?"

"Wewe hukai kwenye bodi ya chuo chochote."

"Mzee, mimi Mpogoro! Kwetu tunafuga kuku na nguruwe. Ng'ombe nitamjulia wapi?"

Shomari alicheka hadi akashika ukuta. Masanja hakucheka. Alinitazama kwa utulivu, akanyoosha kamba kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha kidogo. Nikaona kwamba mtu huyu ameniamini na habari ya mkokoteni na mto, sasa ananiamini na kilichobaki. Nikapokea kamba.

Ijumaa Kabula aliingia chuoni na ndoo mpya na godoro. Mimi nilikwenda nyumbani na ng'ombe, na majirani wakatoka nje kutazama.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa taabu. Alivunja ua, akala mahindi ya jirani, akanikanyaga hiki kidole cha mguu ambacho hadi leo hakina kucha. Baada ya mavuno Masanja alikuja, akamkagua, akaniambia, "Umemnenepesha, mayu," nami nikajisikia kama nimepata cheti kingine. Mtamba akazaa, na watoto wake wakazaa. Maziwa nilikunywa, maana ndiyo desturi. Mzee Otmari alipofariki, Masanja alitembea kutoka Mngeta kuja kushika jembe kaburini. Ng'ombe wa watu walipoingia tena shambani kwa binamu yangu wa Mkula, niliagiza Masanja aitwe. Alikuja, akakaa na binamu kwenye mkeka, wakayamaliza. Binamu sasa ananitumia salamu za "yule Msukuma wako", na Msukuma wangu anamtumia siagi.

Kabula alihitimu. Alifanya kazi mijini miaka kadhaa, kisha akaja barazani akitaka nimpigie barua ya uhamisho wa kurudi kwao, kwenye zahanati ile ile. Huko ofisini walishangaa, maana barua zote walizozoea zinaomba kutoka kule. Niliandika anadai. Alipelekwa.

Barua yangu ya mwisho kabla ya vidole kugoma nayo ilitoka kwake. Kijiji kilikuwa kimejenga kwa nguvu zake nyumba ya kusubiria wajawazito, upande wa zahanati, ili mama akikaribia siku zake avuke mapema, mto ungali mdogo. Kuta zilikuwa zimesimama. Ilikosa paa. Wakaniomba niwaandikie mkubwa wa sasa. Niliandika vizuri, na jibu lilikuja na muhuri: suala lenu linashughulikiwa. Nikamkumbuka kiboko.

Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya Udzungwa Masanja alipofika nyumbani kwangu, nywele nyeupe, fimbo ile ile.

"Mwangaluka, mayu. Nimekuja kuchukua ng'ombe wangu. Tununue bati."

Ni haki yake. Nilielezwa tangu mwanzo. Lakini nilikuwa nimewapa majina, na nililia tena, safari hii bila leso ya Mzee Otmari. Tukawafungua mmoja mmoja. Alipofika kwa mtamba mdogo wa mwisho, mwenye baka jeupe usoni kama bibi yake, akaiacha kamba.

"Huyu anabaki."

"Mzee, mchukue. Bati zisije zikapungua."

Masanja akanitazama kana kwamba nimesahau kila kitu alichonifundisha. "Nikiwachukua wote," akasema, "Ifakara nitafikia kwa nani?"

Nilikwenda kuiona nyumba hiyo mwezi uliopita. Kabula alinipokea mlangoni na koti lake jeupe, akapiga goti kunisalimu mbele ya watu hadi nikaona haya. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha juu milimani. Chini ya bati mpya akina mama walikaa kwenye mikeka, matumbo yamewatangulia, wanachambua mchele na kutaniana kuhusu waume zao. Mto ulikuwa umejaa hadi kingo zote mbili, maji mekundu, yanavuma. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiutazama.